Augustino: Msomi aliyemtafuta Mungu mbali akamkuta karibu

KATIKA bustani ya nyumba moja mjini Milan, Italia, mwezi wa Agosti mwaka wa 386, mwalimu mmoja kutoka Afrika alijitupa chini ya mtini akalia kwa kwikwi kama mtoto. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Hakuwa amefiwa wala hakuwa amefutwa kazi. Kinyume chake, alikuwa na wadhifa ambao wasomi wengi wa enzi hizo waliumezea mate, marafiki waliompenda, na mchumba aliyeposwa kwa ajili yake. Kilichomliza ni jambo jingine. Alikuwa ameutafuta ukweli kumhusu Mungu kwa takriban miaka 12, akauona, kisha akagundua kwamba hana nguvu za kuufuata.

Mwalimu huyo ni Augustino, ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu wa Hippo na mmoja wa wanafikra wakuu katika historia ya Ukristo. Kila tarehe 28 Agosti, siku aliyofariki mwaka wa 430, Wakatoliki na Waanglikana humkumbuka. Wengi wanalijua jina lake kutokana na parokia, shule na taasisi zilizopewa jina hilo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoko Mwanza, Tanzania. Lakini ni wachache wanaoijua safari ndefu aliyopitia kabla ya kuitwa mtakatifu.

Safari hiyo inastahili kusimuliwa kwa sababu inagusa swali linalowatatiza waumini wengi hata leo. Inakuwaje mtu amtafute Mungu kwa bidii, asome vitabu, asikilize mahubiri na ajadiliane na wenzake, na bado ajihisi yu mbali naye?

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria. Wakati huo Afrika Kaskazini ilikuwa chini ya Dola la Roma. Babake, Patricius, alikuwa mtu mwenye shamba la kiasi na mjumbe wa baraza la mji, na hakuwa Mkristo hadi alipokaribia kufa. Mamake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye kushika sala.

Shuleni Augustino alichapwa mara kwa mara. Sala ya utotoni aliyoikumbuka ukubwani ilikuwa ya kumsihi Mungu amwepushe na kiboko cha mwalimu, na watu wazima waliosikia habari za mapigo hayo, wazazi wake wakiwemo, walimcheka. Siku moja aliugua karibu afe, akaomba abatizwe. Kabla ya matayarisho kukamilika alipata nafuu, na ubatizo ukaahirishwa, kama ilivyokuwa desturi ya familia nyingi nyakati hizo.

Alipotimu umri wa miaka 16 alilazimika kukaa nyumbani mwaka mzima, kwa vile babake alikuwa bado anatafuta karo ya kumwezesha kuendelea na masomo. Ni katika mwaka huo wa kukaa bure ambapo yeye na vijana wenzake waliuvamia usiku mti wa peasi uliokuwa karibu na shamba lao. Waliangusha matunda tele, wakaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe.

Miaka mingi baadaye, akiwa askofu mwenye heshima zake, Augustino alilichambua tukio hilo kwa kina cha kushangaza. Kilichomsumbua si thamani ya matunda. Nyumbani kwao yalikuwepo mazuri zaidi. Kilichomsumbua ni kwamba aliiba bila njaa wala haja, kwa raha tu ya kutenda lililokatazwa, na kwamba kama angekuwa peke yake asingethubutu.

Kwa msaada wa tajiri mmoja wa Thagaste aliyeitwa Romanianus, kijana huyo alipelekwa Carthage, jiji kuu la Afrika ya Kirumi, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis. Huko alianza kuishi na mwanamke ambaye hakumwoa, na punde wakapata mtoto wa kiume waliyemwita Adeodatus, jina lenye maana ya aliyetolewa na Mungu. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 10. Augustino aliandika mamia ya kurasa kuhusu maisha yake, lakini jina la mwanamke huyo hakulitaja hata mara moja.

Akiwa na miaka 19, alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi na msemaji maarufu wa Roma, kilichowahimiza watu kuipenda hekima. Kitabu hicho kilimgeuza. Fedha na sifa alizozitarajia kutokana na elimu yake zikaanza kupungua uzito machoni pake. Alitaka kuujua ukweli, na maadamu alikuwa amelelewa na Monika, aliifungua Biblia autafute humo.

Lakini Biblia haikumpendeza. Tafsiri ya Kilatini iliyokuwepo ilikuwa ya lugha ya kawaida isiyo na madoido, naye alikuwa mwanafunzi bora wa balagha aliyezoea maneno ya kupigwa msasa. Aliiweka kando. Alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba tatizo halikuwa la kitabu. Aliifananisha Biblia na jengo lenye mlango mfupi na dari ya juu ndani yake, ilhali yeye wakati huo hakuwa tayari kuinamisha shingo ili aingie. Wahenga wetu walilisema jambo hilo hilo kwa njia yao: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Badala yake alijiunga na wafuasi wa Mani, mhubiri aliyeishi Uajemi katika karne ya tatu. Kundi hilo lilifundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita baina ya falme mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba uovu wa mwanadamu unatokana na giza lililochanganyika naye. Mafundisho hayo yalimfaa kijana mwenye kiburi cha elimu. Yalimwahidi ukweli kwa njia ya akili pekee. Fauka ya hayo, yalimwondolea lawama, kwani alipotenda dhambi aliweza kudai kwamba si yeye aliyetenda, bali giza lililokuwa ndani yake. Alikaa nao miaka tisa.

Monika alipata uchungu mkubwa. Kwa muda alikataa hata kula naye meza moja, hadi alipopata ndoto iliyompa matumaini. Alimwendea askofu mmoja ambaye naye utotoni aliwahi kuwa katika kundi hilo, akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu alikataa, akieleza kwamba kijana huyo hakuwa tayari kufundishwa na kwamba angeligundua kosa lake kwa kusoma mwenyewe. Mama alipozidi kulia na kusihi, askofu alimhakikishia kwamba haiwezekani mwana aliyelilia machozi kiasi hicho akapotea. Monika aliyashika maneno hayo kwa miaka yote iliyofuata.

Augustino aliporudi Thagaste kufundisha, rafiki yake mpenzi aliugua homa, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipopata fahamu, Augustino aliufanyia mzaha ubatizo huo akitarajia wacheke pamoja. Rafiki yake alimkaripia vikali. Siku chache baadaye homa ilirudi, akafariki. Augustino aliuona mji wote umekuwa mchungu, na kila mahali walipozoea kutembea pakawa mateso kwake. Akakimbilia Carthage. Falsafa ya nuru na giza haikuwa na neno la kumfariji.

Maswali yalizidi kumwandama. Wenzake katika kundi walimwambia angoje, kwani mwalimu wao mkuu, Faustus, angemjibu yote. Faustus alipofika, Augustino alimkuta ni mtu mwenye ulimi mtamu lakini elimu haba. Alipoulizwa maswali magumu, alikiri waziwazi kwamba hayajui. Augustino alimheshimu kwa ukweli huo, lakini imani yake katika kundi ikavunjika.

Mnamo mwaka wa 383 aliamua kwenda Roma kutafuta wanafunzi wenye nidhamu. Monika alishika njia hadi bandarini, akasisitiza ama mwanawe abaki au waende pamoja. Augustino alimdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengojea upepo mwema, akamshawishi alale katika kanisa dogo la kumbukumbu ya shahidi Cyprian lililokuwa karibu. Usiku huo merikebu iling'oa nanga. Kulipopambazuka, mama alibaki ufuoni akilia.

Roma, wanafunzi walikuwa na nidhamu lakini walikuwa na hila ya kuhama mwalimu siku ya kulipa ada ilipokaribia. Hivyo mwaka wa 384 alifurahi alipopata kazi ya mwalimu rasmi wa balagha mjini Milan, lilikokuwa makao ya kaisari. Ilikuwa kazi ya hadhi kubwa. Mwaka uliofuata, Monika, ambaye wakati huo alikuwa mjane, alivuka bahari akamfuata.

Askofu wa Milan alikuwa Ambrosi, mhubiri aliyesifika kwa ufasaha. Augustino alienda kumsikiliza kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake akifanya kazi, bila haja ya kununua kitu. Lakini maneno aliyoyafuata kwa utamu wake yaliingia moyoni pamoja na maana zake. Ambrosi alizieleza sehemu ngumu za Agano la Kale kwa namna iliyoonyesha kwamba chini ya maneno yale ya kawaida kulikuwa na kina ambacho Augustino hakuwahi kukidhania. Kitabu alichokidharau akiwa na miaka 19 kikaanza kumfungukia.

Aidha, maandishi ya wanafalsafa wafuasi wa Plato yalimsaidia kuelewa kwamba Mungu si kitu chenye umbo kinachojaza nafasi, na kwamba uovu si dola lingine linalopigana na Mungu, bali ni upungufu wa wema. Vizuizi vya akili vikaondoka kimoja baada ya kingine. Kilichobaki ni yeye mwenyewe.

Siku moja alikuwa njiani na marafiki zake huku akiwa na wasiwasi kuhusu hotuba ya kumsifu kaisari, hotuba ambayo alijua itajaa uongo na kwamba watakaompigia makofi pia wanajua hivyo. Akamwona ombaomba mlevi akicheka na kufanya utani. Augustino aliwaambia wenzake kwamba maskini yule, kwa sarafu chache za kuombaomba, amekwisha kupata furaha ambayo wao wanaihangaikia kwa elimu yao yote na hawajaipata. Alijua kuwa furaha ya mlevi si furaha ya kweli. Lakini alijua pia kwamba yake mwenyewe ilikuwa duni zaidi.

Kuna sehemu ya maisha yake isiyopendeza, naye mwenyewe hakuificha. Ili apande cheo, ilimpasa kuoa katika familia inayofaa. Msichana aliposwa, ingawa alikuwa bado mdogo na ilibidi angojewe miaka miwili. Mwanamke aliyeishi naye tangu ujana alirudishwa Afrika, akamwacha mwanawe, akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine tena. Augustino alikiri kwamba moyo wake uliraruka na kuvuja damu. Hata hivyo, alishindwa kuiga uthabiti wa mwanamke huyo. Hakuweza kungoja miaka miwili, akajitafutia mwingine.

Huo ndio uliokuwa mnyororo wake. Ujanani aliwahi kumwomba Mungu ampe usafi wa maisha, huku akiomba ombi hilo lisijibiwe haraka. Sasa hakuwa na hoja tena za kujitetea. Alijilinganisha na mtu aliyeamshwa kitandani, anayejua kwamba kumekucha na kwamba inampasa kuamka, lakini anaomba kuachwa alale kidogo tu.

Mwezi huo wa Agosti alitembelewa na Ponticianus, Mwafrika mwenzake aliyekuwa na cheo katika utawala wa kaisari. Mgeni aliona juu ya meza kitabu cha nyaraka za Mtume Paulo, akafurahi, akasimulia habari za Antonio wa Misri, ambaye aliiacha mali yake yote akaenda kumtafuta Mungu jangwani. Akasimulia pia kuhusu maofisa wawili wa kaisari ambao, baada ya kusoma maisha ya Antonio, waliziacha kazi zao siku hiyo hiyo.

Mgeni alipoondoka, Augustino alimgeukia rafiki yake Alypius kwa hasira dhidi ya nafsi yake. Alishangaa jinsi watu wasio na elimu wanavyoinuka na kuunyakua ufalme wa mbinguni, ilhali wao wasomi wanagaagaa pale pale. Akatoka akaenda bustanini, na hapo ndipo alipoanguka chini ya mtini.

Akiwa katika kilio alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudiarudia maneno ya kumwambia mtu achukue na asome. Alijaribu kukumbuka kama kuna mchezo wa watoto wenye maneno hayo, asiukumbuke. Akaichukua kuwa ni amri. Alirudi alipokuwa Alypius, akakifungua kitabu cha Paulo, macho yake yakaangukia sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, penye onyo la kuacha ulafi, ulevi na uasherati, na wito wa kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hakutaka kusoma zaidi. Wasiwasi ulitoweka na utulivu ukaujaza moyo wake. Wakaingia ndani kumwambia Monika.

Msomaji atatambua kwamba siku hiyo Augustino hakupata hoja mpya. Maneno ya Paulo alikuwa akiyajua. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kujitegemea na akakubali kusaidiwa. Alikuwa amemtafuta Mungu katika vitabu, katika makundi, katika miji mitatu mikubwa na katika sifa za watu. Hatimaye alitambua kwamba muda huo wote Mungu alikuwa ndani yake, na yeye ndiye aliyekuwa nje ya nafsi yake akizurura.

Aliuvunja uchumba, akajiuzulu kazi ya ualimu, na usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka wa 387 akabatizwa na Ambrosi, pamoja na Alypius na Adeodatus. Miezi michache baadaye, wakiwa Ostia wakingojea merikebu ya kurudi Afrika, Monika aliugua akafariki akiwa na miaka 56. Awali alitaka sana azikwe kando ya mumewe. Sasa aliwaambia wanawe wamzike popote, mradi wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana. Augustino alijizuia kulia mazishini, akidhani kilio si cha mtu mwenye imani. Baadaye, akiwa peke yake na Mungu, aliyaachilia machozi.

Alirejea Afrika mwaka wa 388, akagawa mali yake, akaanza maisha ya sala na marafiki huko Thagaste. Adeodatus, kijana mwenye akili nyingi, alifariki muda mfupi baadaye. Augustino alitamani kuishi katika utulivu huo hadi mwisho. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 391 alizuru Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba, na waumini wakamshika kanisani wakataka apewe upadri papo hapo. Alilia. Miaka minne au mitano baadaye akawa askofu wao, na akadumu hapo kwa zaidi ya miaka 30.

Kumpata Mungu, basi, hakukumpa nafasi ya kupumzika. Siku nyingi aliketi tangu asubuhi akiamua kesi za mashamba na urithi za watu wa Hippo. Possidius, askofu mwenzake aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba aliyeyusha vyombo vya kanisa ili kuwakomboa mateka na kuwasaidia maskini. Aidha, mezani pake paliandikwa onyo kwamba anayependa kuwasengenya wasiokuwepo hana nafasi pale. Askofu mgeni aliposahau onyo hilo, Augustino alimwambia ama maandishi yafutwe au yeye aondoke mezani.

Hakukosa kasoro hata baada ya kuongoka. Katika mzozo wa muda mrefu na Wadonatisti, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa Katoliki, mwanzoni alipinga matumizi ya nguvu, lakini baadaye akakubali serikali iwashurutishe warudi. Uamuzi huo ulitumiwa na wengine karne nyingi baadaye kuhalalisha mateso ya kidini, na hadi leo unahesabiwa dhidi yake.

Kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika kati ya mwaka wa 397 na 400 hivi, kimeandikwa chote kama mazungumzo na Mungu, naye anajianika humo bila kujipendelea. Baada ya Wagothi kuuteka mji wa Roma mwaka wa 410, aliandika Mji wa Mungu, kazi yenye vitabu 22 iliyomchukua zaidi ya miaka 10. Maandishi yake yamewalea Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika linalofuata kanuni ya Augustino, na Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei mwaka wa 2025, ametoka katika shirika hilo hilo.

Mwaka wa 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Katika mwezi wa tatu wa mzingiro, askofu huyo mzee alishikwa na homa. Aliomba zaburi za toba zinakiliwe na kubandikwa ukutani mkabala na kitanda chake. Kwa siku 10 hivi hakutaka mtu aingie isipokuwa waganga na waliomletea chakula. Alilala akizisoma zaburi hizo huku machozi yakimtiririka. Hakuacha wosia, kwani hakuwa na mali ya kurithisha, ila aliagiza maktaba ya kanisa itunzwe.

Ni miaka 44 iliyopita kati ya mti ule wa Milan na ukuta ule wa Hippo. Katika miaka hiyo kijana aliyeshindwa kuinama ili aingie katika Biblia alikuwa amekuwa mwalimu wa Kanisa zima, na dunia ya Wakristo ilimsikiliza. Lakini mlangoni alipita vilevile kama mara ya kwanza, ameinamisha kichwa.